Fort Jesus si ya dakika arobaini na tano

Kama kikundi chako kinapanga kwenda Mombasa kuiona ngome ya kale ya Fort Jesus na kurudi Tanga siku hiyohiyo, naomba unisikilize kwanza. Ratiba ya safari ya namna hiyo niliipanga mimi, na mpaka leo inaniuma.

Tulikuwa kina mama 27 wa kikoba kimoja, tumekodi Coaster. Kwenye daftari mambo yalikaa vizuri: kuondoka saa kumi alfajiri, saa nne tuko ngomeni, mchana pilau, kisha bustani ya wanyama ya Haller Park, halafu Marikiti kununua viungo, jioni tunageuza. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro mpakani ni kilomita 65 za lami, nami nikaona njia nyeupe.

Mpakani wenzetu watatu hawakuwa na kadi ya homa ya manjano, na mmoja pasi yake ilikuwa imekwisha muda. Huwezi kumwacha mwenzio njiani, kwa hiyo tulikaa wote mpaka saa tatu. Likoni tukashuka, tukavuka na kivuko kwa miguu, bure kama watu wote, halafu tukaketi ng'ambo kulisubiri gari letu lililokuwa limenasa kwenye foleni. Zaidi ya saa nzima! Na tuktuk zimejaa pale pale, zingetufikisha ngomeni kwa muda mfupi tu. Langoni nako malipo yakawa ya simu, na sisi mikononi tuna noti. Mama mmoja wa Kimombasa aliyekuwa na wanawe ndiye aliyetulipia kwa M-Pesa yake, tukamrudishia taslimu. Mungu amjaze kheri.

Tulipoingia ilikuwa saa nane na robo. Dereva akasema saa tisa kamili anawasha gari.

Sasa fikiria. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mawe ya matumbawe. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtoto wa ufalme wa Mombasa aliyelelewa Goa, India, na kubatizwa huko, aliwageuka Wareno akaiteka. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, miezi 33, watu wakafa humo kwa njaa na maradhi. Haya ni mambo yetu sisi watu wa pwani hii, si ya wageni. Nasi tulipita mbio kama tunaokimbizwa na mvua. Mimi nilichoshika vizuri ni kimoja tu: michoro ya mabaharia wa Kireno, merikebu zenye milingoti na matanga, zimechorwa ukutani kwa rangi nyeusi na nyekundu. Mkono wa mtu aliyekuwa mbali na kwao, labda akiwaza kurudi. Nilitaka kusimama pale.

Lakini linaloniuma si hilo. Tulikuwa na bi mkubwa mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Tanga miaka mingi. Waingereza waliifanya ngome hii gereza tangu 1895 hadi 1958, na baba yake alipata kufungwa humo. Hakuwahi kuingia ndani maisha yake yote. Nilimkuta amesimama peke yake uani, kiganja ameweka ukutani, midomo inacheza, anamwombea dua marehemu. Honi ikapigwa nje. Nikamgusa bega. Akaniambia, "Mwanangu, ndiyo kwanza nimefika."

Haller Park yenyewe hatukuiona, tulikuta muda umekwisha.

Kwa hiyo, laleni Mombasa usiku mmoja. Gharama ya chumba cha watu watatu watatu si kubwa mkichanga mapema, na ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi; ingieni saa hiyo, kabla jua halijachoma na kabla mabasi ya shule hayajafika. Tengeni muda wa saa tatu nzima. Chukueni mwongozaji, maana bila yeye mtaona mawe tu. Futeni vituo vingine vyote isipokuwa Mji wa Kale, ambao uko ubavuni mwa ngome na unatembeleka kwa miguu hadi msikiti wa Mandhry, mkinywa kahawa njiani.

Pasi na kadi za chanjo mtu mmoja azikusanye wiki moja kabla na kuzikagua moja moja, si usiku wa kuamkia safari. Mtafuteni mwenyeji mwenye M-Pesa. Mkivuka Likoni msilisubiri gari, pandeni tuktuk, dereva atawakuta. Na kabla ya kuandika ratiba, muulize kila mmoja anakwenda kuona nini. Mimi sikuuliza.

Tunarudi baada ya mfungo, siku mbili. Bi mkubwa ameshaniletea pasi yake nimtunzie.