Saa yangu moja na gunia la mama yako

Mwanangu, swali lako kwenye kundi la ukoo limeninyima usingizi siku tatu. Uliandika: "Shangazi, sisi tunalima kahawa hapa Mbale, Wajerumani hawana hata shamba moja la mibuni. Mbona wao ndio matajiri? Wanatuzidi bidii?" Ukamalizia kwa kuomba nauli uje ujionee.

Bidii hawatuzidi. Hapa Hamburg nafanya kazi ghalani, na magunia ya kilo 60 yenye jina la Uganda hupita mikononi mwangu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa yuro 12.82 kwa saa, ndicho nilicholipwa. Saa moja tu ilinunua zaidi ya nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa. Mama yako, wifi yangu, huchuma, humenya, huosha, huanika, kisha huteremka nayo Mlima Elgon kwa bodaboda, akifika chini mnunuzi ndiye anayetaja bei. Nani kati yetu anachoka zaidi? Nilichuma naye miaka mingi, nalijua jibu.

Liliniuma hili: kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa inayouzwa hapa, serikali ya Ujerumani hutoza kodi ya yuro 2.19. Ni zaidi ya shilingi 8,000 za kwetu, kodi tu, nayo huingia hazina ya huku.

Utauliza kwa nini basi hatukaangi wenyewe. Si ushuru wa forodha. Tangu 2001 Ulaya huzipokea bila ushuru bidhaa zote za nchi maskini kabisa, yetu ikiwemo, isipokuwa silaha. Kinachotukwamisha ni mtaji. Riba ya mkopo wa benki Kampala hukaribia asilimia 20 kwa mwaka, na mkaangaji wa huku hakopi kwa bei hiyo hata kidogo. Mnashindanaje?

Mimi mwenyewe si tajiri, wala usiwaambie watu kuwa ni tajiri. Chumba kinameza sehemu kubwa ya mshahara, na kila nikituma ada ya dada yako, anayesafirisha fedha hizo hukata chake kwanza.

Nauli sikutumii. Ila ile mashine ndogo ya kukaangia mliyoizungumzia kwenye ushirika wenu, niulizie bei yake. Nitachangia, na mchango wangu uandikwe kwa jina la mama yako.