Swali Lenu Limekuja na Kisu Mkononi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kuku aliyenyonyoka manyoya na kuacha kutaga, tuendelee kumlisha au tumchinje?" Nilipolisoma nilikunja uso. Mbona hamkuuliza kwanza sisi tunamfanyia nini wakati ananyonyoka?

Niulizeni mimi. Mtetea wangu mwekundu alikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi, umri ambao wengi hupukutika, yaani huangusha manyoya ya zamani ili yaote mapya, kwa mara ya kwanza tangu wakue. Asubuhi nafungua banda, manyoya yametapakaa kila mahali. Nikajua kicheche ameingia. Nikahesabu kuku, wote wapo. Yeye kajibanza pembeni, shingo tupu, kishungi kimepauka. Sikungoja. Siku hiyohiyo nikampa dawa ya minyoo, nikampaka unga wa chawa (chawa wenyewe sikuwaona, si chini ya mbawa wala kuzunguka tundu la haja), na kila jioni nikawa namkamata nimpapase nione kama manyoya yanarudi. Alikuwa akipiga kelele hadi banda zima linachafuka. Nikasema huyu sasa ana kiburi. Jioni ya nne au ya tano, nimembana kifuani, kimoja cha vile vijiti vinavyochomoza ngozini kama sindano kikavunjika. Damu ikanichuruzika kiganjani. Ndipo nikajua kwamba unyoya unaoota una damu ndani, na kwamba kila nilipompapasa nilikuwa namtonesha. Wenzake nao walipoiona ile damu wakaanza kumdonoa. Ikabidi nimtenge kwa waya mpaka kidonda kikauke.

Jibu langu basi lilikuwa fupi: mwacheni. Msimshike bila sababu. Unyoya karibu wote ni protini, zaidi ya asilimia 80, na chakula cha kutagia kwa kawaida kina asilimia 16 hivi. Mpandishieni ifike kama 20, kwa soya iliyopikwa au funza, maji yasikatike, banda lisivuje. Mayai yatasubiri, mwili ni huohuo mmoja.

Hapo ndipo nilitaka kuishia. Lakini nikiwa mkweli, yule mwekundu alipukutika kwa kishindo akavaa upya, na kufika wiki ya 11 alikuwa ameshataga. Mwenzake mweusi alidondosha manyoya mawili matatu kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, na hata alipotimiza manyoya yote hakuleta yai la maana. Kwa kawaida kazi hii ya kubadili manyoya huchukua wiki 8 hadi 16. Aliyepita hapo, manyoya yamejaa, hana chawa wala utitiri, anakula vizuri na bado hatagi, sitamlaumu mtu akimchinja. Tena nadhani ni haki, ikiwa chakula ni cha kubana na hakuna aliyemsumbua kama nilivyomsumbua mwekundu.

Mweusi mwenyewe bado ninaye. Msiniulize kwa nini.