Rangi kubanduka kwenye lori la plastiki

Kaka wa Tabora uliyeuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye kichwa cha modeli yako ya Scania ya 1:24 (yaani ndogo mara 24 kuliko lori halisi): mara nyingi ni mafuta ya kiwandani, yale yanayosaidia vipande kutoka kwenye kalibu. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, uache vikauke vyenyewe. Kisha praima, yaani rangi ya msingi inayosaidia rangi yenyewe kushika. Usiiruke kabisa! Rangi yenyewe puliza nyembamba mara kadhaa, kila mkono ukauke kwanza. Ukipuliza nzito inajaa kwenye mistari ya milango na umbo zuri linapotea.

Kiangazi hiki vumbi ndilo adui, kwa hiyo nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza na ukimaliza funika kwa boksi safi. Punje ya vumbi ikinasa kwenye rangi, subiri rangi ikauke kabisa ndipo upitishe msasa namba 1000 uliolowa.

Tela usinunue. Omba mabaki ya mninga kwa seremala, hapo kwenu hayakosekani. Tela la mita 12 kwa kipimo hicho cha 1:24 linatoka sentimita 50. Ukikwama kwenye ekseli, niulize hapahapa.