Kwa Augustino, anza na Maungamo

Mdogo wangu, umesema ulinunua Mji wa Mungu kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, ukakwama ukurasa wa thelathini, na sasa unajiona huna akili ya kumsoma Augustino, yule askofu na mwandishi wa Kikristo wa kale. Akili unayo, ila umeanzia pagumu. Kile kina vitabu 22 ndani yake, alikiandika kati ya 413 na 426 kuwajibu waliodai Roma ilivamiwa mwaka 410 kwa sababu ya Ukristo. Usipoujua ugomvi ule, ile miungu ya Warumi itakuchosha tu.

Kiweke kabatini kwanza. Tafuta Maungamo, anakosimulia maisha yake mwenyewe, ufungue moja kwa moja Kitabu cha Pili, penye wizi wa mapeasi. Yeye na vijana wenzake wanaiba usiku, wala hawana njaa, mengine wanawatupia nguruwe. Halafu anajiuliza: kwa nini nilifanya vile? Mimi nilipasoma ndani ya mwendokasi wa Kimara, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, nikapitiliza kituo. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, kazaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, na anajichunguza bila kujionea huruma.

Kisha Kitabu cha Nane, anapoongoka katika bustani ya Milano, baada ya kusikia sauti ya mtoto: chukua, usome. Cha Tisa kisome ukiwa nyumbani, maana mama yake, Monika, anafia Ostia, bandari ya Roma. Augustino anayabana machozi mazikoni, yanamshinda baadaye kitandani.

Cha Kumi hadi cha 13 ni kumbukumbu, wakati, uumbaji. Vitabu hivyo visome kurasa mbili kwa siku, penseli mkononi.