Mwanangu, hujaishiwa la kuomba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema ulipokuwa ukitafuta kazi hukuhitaji kukumbushwa kusali. Sasa una ajira ya kudumu, bima ya afya, michango ya NSSF inaingia kila mwezi, nyumba imeezekwa, na ukipiga magoti hupati la kusema. Ukifika penye "utupe leo riziki yetu" unaona unamdanganya Mungu, maana chakula kimejaa ndani. Ndipo unaniuliza: mtu aliyeshiba anamtegemea Mungu kweli, au ni mazoea tu?

Anamtegemea kweli, na Biblia inaye mtu wa namna hiyo. Fungua 2 Mambo ya Nyakati, sura ya 14 hadi 16, usome habari za Asa, mfalme wa Yuda. Wahubiri wengi humsimulia kama mnyonge aliyemlilia Mungu pale Zera Mkushi alipomjia na jeshi la watu milioni moja na magari 300. Asa hakuwa mnyonge. Alishajenga miji yenye kuta na malango, nchi ilishatulia miaka 10, na askari wake walikuwa 580,000. Mwenye jeshi hilo ndiye aliyesimama pale Maresha akamwambia Mungu kwamba hana mwingine wa kumsaidia.

Sasa nenda sura ya 16. Ni mwaka wa 36 wa kutawala kwake. Baasha, mfalme wa Israeli, anajenga mji wa Rama ili amfungie njia, tishio dogo kuliko lile la Zera. Safari hii Asa hasali. Anatoa fedha na dhahabu, hata zile za nyumba ya Bwana, anampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, amgeuke Baasha. Na mpango unafaulu! Baasha anaacha kujenga, watu wa Yuda wanabeba mawe na miti yake. Hapo ndipo ninapokuhofia, mwanangu. Pesa ingeshindwa, huenda Asa angerudi magotini. Ilifaulu, naye akaona imetosha. Hanani mwonaji alipokuja kumkanya, akamtia gerezani, na wakati huohuo akaanza kuwaonea watu wake.

Dalili hiyo uichunge kuliko huo ukimya wako kwenye sala. Siku ukiona huvumilii kukanywa, au unamfokea mlinzi wa getini na dada wa kazi kwa sababu unaweza, ujue pamekwishaharibika, hata kama hukosi ibada.

Baadaye Asa aliugua miguu, akawatafuta waganga bila kumtafuta Bwana. Usiache bima yako kwa ajili ya hilo! Isaya mwenyewe aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Dawa haina kosa.

Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, hakuwa akiwaonya wenye njaa. Aliwaonya watakaokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, mifugo yao ikaongezeka, kisha wakasema ni nguvu zao. Kwa hiyo huko kujaa kwa chakula ndiko kwa kuombea. Omba usije ukamsahau aliyekupa, na umuulize kwa ajili ya nani amekupa kingi hivyo.

Na la kuombea unalo sasa hivi. Uliniambia benki iko tayari kukukopesha ununue kiwanja cha pili, na mshahara unatosha kulipa. Kwa kuwa unatosha, ni rahisi kutia saini bila kumuuliza mtu yeyote, Mungu akiwemo. Kabla ya kusaini, kaa na mkeo muombe, mkiwa tayari kuambiwa hapana. Mwambieni na mzee mmoja wa kanisa mnayemwamini, yule asiyeogopa kukupinga, mmsikilize hadi amalize.

Nipigie Jumapili baada ya ibada uniambie mmefikia wapi. Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako,
Tukuyu