Noti za intaneti, pesa za fotokopi: ni wizi?

SWALI
Yaya mwalimu, jambo. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya Kadutu. Vitabu hatuna, basi nimekusanya noti na michoro ya umeme toka intaneti ili niwafanyie wanafunzi kijitabu. Kila mmoja atatoa franga za fotokopi. Prefe wetu, mkuu wa shule, anasema huko ni kuiba kazi ya watu. Lakini vitu vyenyewe viko bure! Nani ana haki?
Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

JIBU
Mdogo wangu, prefe wako ana haki nusu, na hiyo nusu usiidharau. Kitu kusomeka bure si ruhusa ya kukichapa. Ukurasa usiosema lolote juu ya ruhusa, uhesabu umefungwa: haki ni za mwandishi hata kama hakuzidai.

Kwa hiyo kabla ya kunakili, teremka mpaka chini ya ukurasa utafute herufi CC. Ni leseni za Creative Commons, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Ukikuta BY peke yake, tumia, badili, chapa, hata uza, mradi umtaje mwenyewe. SA inataka kazi yako nayo itoke kwa leseni ileile. NC inakataza biashara. ND inakataza kugawa kilichobadilishwa, na hiyo mimi huipita bila kugeuka. Noti nisizoweza kuzirahisisha, nikaziwekea maelezo ya Kiswahili na hesabu za umeme wa Ruzizi mahali pa treni za Paris, zitanifaa nini darasani?

Sasa pesa, maana najua ndipo ugomvi ulipo. Huko Marekani shirika la Great Minds lilitoa vitabu vya shule kwa leseni yenye NC, kisha likaishtaki FedEx Office kwa kuwa maduka yake yalitoza pesa kuzichapia shule nakala. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ililikatalia: shule zilikuwa na ruhusa, na aliyelipwa kuzifanyia kazi ya kuchapa hakuvunja leseni. Hukumu ya Marekani haitufungi sisi, lakini hoja yake naikubali. Kijana wa fotokopi pale Nyawera analipwa karatasi, wino na mazutu ya jenereta. Wewe ukiongeza franga zako juu, na noti ni za NC, hapo prefe ameshinda. Andika bei ya fotokopi kwenye karatasi, ibandike mlangoni, wazazi waione.

Wikipedia ni jambo jingine. Maandishi yake yana leseni ya BY-SA, bila NC, kwa hiyo hata ukipata faida, ni halali kabisa. Ila kijitabu chako kitabaki wazi: mwenzako wa Bagira akikichukua akakichapa na kukiuza, huna la kumwambia. Walimu wengi hapa mjini hupenda kuandika mbele “haki zote zimehifadhiwa”. Juu ya noti za Wikipedia, maneno hayo ndiyo kosa lenyewe. Andika hivi: “Chanzo: makala Loi d'Ohm, Wikipedia ya Kifaransa, leseni CC BY-SA 4.0, nimefupisha na kubadili mifano.” Mstari mmoja, umemaliza. Na usichanganye maandishi ya BY-SA na ya BY-NC-SA ndani ya somo moja, kwa sababu kila moja inadai kazi mpya ifuate leseni yake, na huwezi kutii mabwana wawili.

Kuhusu mega za intaneti, usipoteze pesa kufungua kurasa kila siku. Programu ya Kiwix inakuwezesha kupakua Wikipedia ya Kifaransa mara moja, kisha ukasoma hata SNEL, shirika la umeme, ikikata na mtandao ukianguka. Majaribio ya umeme ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, nayo yanapakuliwa na kuendeshwa bila intaneti. Yapo kwa Kifaransa pia.

Michoro iangalie mmoja mmoja. Ndani ya makala ya Wikipedia kila picha ina leseni yake, na unaiona ukiibonyeza. Usiyoiona leseni yake, iache, uchore wako kwa rula. Betri, waya na taa havina mwenyewe.