Usimtundikie D5 mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo

Usiitundike hiyo chupa ya D5, yaani maji ya glukosi ya asilimia 5 ya kutundika mshipani. Kama imeshatundikwa, nenda kaifunge, pima sukari ya mtoto, mwite daktari, halafu ndiyo urudi usome yaliyobaki hapa.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mdogo wetu muuguzi hapo juu anamhudumia mtoto wa miaka 3, kilo 12, aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Anatapika, anasinzia, hajala tangu jana, na maabara imerudisha sodiamu (chumvi ya kwenye damu) 129. Mkubwa wake wa zamu amemwambia amtundikie D5 mililita 1,100 kwa saa 24 "apate nguvu". Mwenyewe anauliza kasi ya matone, mkao wa kitanda, jinsi ya kujaza chati ya maji na namna ya kuongea na mama anayelia.

Hesabu ya 1,100 ni sahihi. Kilo 10 za kwanza mara 100, kilo 2 zilizobaki mara 50. Ni kanuni ya Holliday na Segar ya mwaka 1957, na vyuo bado vinaifundisha hadi leo. Lakini wewe umehangaika na kiasi cha maji, wala hujauliza ndani ya chupa mna nini. Hapo ndipo watoto wanapoumizwa.

Nilishawahi kupewa agizo kama hilo hilo kwa mtoto wa umri huo huo, na aliyenipa ni mtu niliyemheshimu sana. "D5 ni chakula, mtoto hajala, mtundikie." Nikatundika. Usiku mama akaniambia, "Sister, leo amelala vizuri, hata hasumbui." Nilipomwangalia, macho yalikuwa wazi nusu, na pembe moja ya mdomo ilikuwa inachezacheza kidogo sana, kiasi kwamba ungedhani ananyonya usingizini. Baada ya muda mfupi ikawa degedege la mwili mzima. Diazepamu ikaingia, degedege likaendelea. Sukari ilikuwa nzuri. Sodiamu ilikuwa 119. Kilichomtuliza ni maji ya chumvi ya asilimia 3, na hayo yalipatikana kwa sababu daktari aliyekuwa zamu alifikiria sodiamu badala ya kurudia dawa ya degedege tu. Mtoto alipona. Aliyenipa lile agizo alisema asubuhi kwamba "ni ugonjwa wenyewe". Hapana! Ugonjwa ulimweka pabaya, chupa ikamsukuma, na mtu anayeifundisha wodi nzima kwamba D5 ni chakula anapaswa kulijibu hilo. Lita nzima ya D5 ina gramu 50 za glukosi. Hiyo haimshibishi mtoto yeyote.

Elewa kinachotokea, maana ukielewa hutahitaji kukariri. Glukosi ya kwenye D5 mwili unaitumia mapema, kinachobaki kwenye damu ni maji matupu. Mtoto asiye mgonjwa angeyakojoa. Lakini mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, aliyeumia kichwa, anayetapika au mwenye maumivu makali, mwili wake unamwaga ile homoni inayozuia mkojo hata pale ambapo maji yamezidi. Figo zinayashikilia. Sodiamu ya damu inashuka, na maji yanahama kuelekea kule kwenye chumvi zaidi, yaani ndani ya seli. Seli za ubongo zinavimba kama maharage yaliyolowekwa, ila fuvu la mtoto wa miaka 3 limeshafunga, utosi haupo tena wa kutunisha, na ubongo wa mtoto umelijaza fuvu kuliko wa mtu mzima. Nafasi ya kuvimba hakuna.

Kwa hiyo, kabla hujatundika chochote kwa mtoto mwenye shida ya ubongo, soma sodiamu iliyoandikwa kwenye chupa. Usisome jina, soma namba. Damu yake inatakiwa iwe na sodiamu milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana 154 kwa lita. Ringer Lactate ina 130. Ile ya mchanganyiko wa chumvi ya asilimia 0.18 na glukosi ya asilimia 4 ina kama 30 tu. D5 ina sifuri. Sifuri, mdogo wangu, na mtoto wako ameshafika 129!

Wala hili si la kwangu peke yangu. Uingereza walitoa agizo mwaka 2007 ile chupa ya 0.18 iondolewe kwenye wodi za kawaida za watoto kwa sababu ya vifo. Madaktari wa watoto wa Marekani wakaandika mwongozo mwaka 2018 kwamba maji ya kawaida ya mshipani ya mtoto aliyelazwa, kuanzia umri wa siku 28, yawe na sodiamu inayokaribiana na ya damu, pamoja na glukosi na potasiamu inayofaa.

Sukari anaihitaji, sikatai, na ndiyo maana nimesema uipime. Ila iende ndani ya maji yenye chumvi. Kama wodi haina chupa iliyotengenezwa tayari, kwenye NS (yale maji ya chumvi ya asilimia 0.9) ya mililita 500 toa 50, weka 50 za glukosi ya asilimia 50, na umepata glukosi ya asilimia 5 ndani ya maji ambayo sodiamu yake ni karibu 139. Daktari aandike, mwenzako ahakiki, chupa ibandikwe lebo. Na usiruke upande wa pili ukamnyima maji kabisa, kwani ubongo uliovimba unahitaji damu inayofika.

Najua wapo watakaosema huyu dada ana ugomvi na chupa. Ninao, na sitauacha.

Usisubiri mapigo yashuke, presha ipande na pumzi ianze kukatika katika. Hizo ni dalili za mwisho, ubongo unakaribia kusukumwa chini. Dalili yako ni hii uliyoiandika mwenyewe kwa haraka: "anasinzia". Mtoto aliyekuwa analilia kanula jana na leo anakuachia mkono bila kuuvuta, huyo hajapoa. Mwamshe kila saa, andika anavyoitikia sauti na maumivu, linganisha na saa iliyopita. Akipata degedege mlaze ubavu, oksijeni, sukari, na umwambie daktari neno sodiamu kabla hajauliza. Chumvi ya asilimia 3 hutolewa mililita 3 hadi 5 kwa kilo, kwa mtoto wako ni 36 hadi 60, kwa agizo lake. Degedege likitulia, sodiamu isikimbizwe. Isipande zaidi ya 10 kwa saa 24, kwa sababu kuipandisha kwa pupa nako kunaharibu ubongo.

Mkao: kichwa kiinuliwe nyuzi 30, shingo inyooke katikati. Chati: mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ile ile, na nepi ipimwe kabla na baada, gramu moja ni mililita moja. Uzito ukipanda huku mkojo ukipungua, maji yanabaki ndani, piga simu.

Kumpigia daktari usimwambie "naomba ushauri". Mwambie: "Mtoto wa kilo 12, homa ya uti wa mgongo, sodiamu 129, anasinzia kuliko jana, ameandikiwa D5. Naomba tubadilishe iwe yenye sodiamu, na sodiamu irudiwe ndani ya saa 4." Akisema endelea na D5, mwombe aje aandike mwenyewe kwenye faili, kisha mpigie aliye juu yake. Halafu uje hapa uniambie sodiamu ya pili imerudi ngapi.